Bunduki ya mtoto ikikwama, usimwache achungulie

Mama mmoja wa hapa Mang'ula alinisimulia jinsi mwanawe wa miaka saba alivyomaliza sikukuu akiwa na bandeji jichoni. Hakupigwa na mwenzake. Bunduki yake ya plastiki, ile inayofyatua vigololi, ilikwama. Akaigeuza na kuchungulia kwenye mtutu aone kigololi kimeishia wapi, kidole gumba kikiwa bado kwenye kifyatulio.

Wazazi wengi tunamkataza mtoto kumlenga mwenzake. Sawa kabisa. Ila ni wachache tunaomwambia afanye nini bunduki ikigoma.

Ndani ya bunduki hizi kuna springi inayosukuma vigololi kutoka kwenye magazini, kimoja kimoja, na springi nyingine inayosukuma hewa ya kukirusha. Vingi vina upana wa milimita 6 hivi, na mtutu umezidi kidogo tu. Sasa watoto wetu tunawajua: vikiisha wanaokota vile vile uani. Kwa vumbi la kiangazi au tope la masika, kila kimoja kinarudi na mchanga wake, kingine kimeshakanyagwa na baiskeli. Wengine wanajaza magazini hadi springi inakosa pa kusogea. Katika bunduki ya yule mtoto, mama alikuta punje za mpunga. Vigololi vilikwisha, akatafuta mbadala!

Hata bunduki kubwa za rangi, za mchezo wa peintiboli, zina tatizo hilo. Gololi zake zina ganda la jelatini kama vidonge vya dawa, zikipata unyevu zinavimba na kukwama. Bunduki hizo, kwa taarifa yako, zilianza Marekani kama kifaa cha kutia alama miti msituni, na mchezo wenyewe ukaja mwaka 1981. Sisi majirani wa Udzungwa tunaielewa zaidi ile kazi ya kwanza.

Ya mtoto ikikwama, mtu mzima aichukue. Elekeza mtutu chini kwenye mchanga, mbali na miguu, kisha toa magazini. Hapo bado hujamaliza, maana kigololi kimoja huweza kubaki ndani na springi ikawa imeshavutwa. Fyatua mara mbili tatu kuelekea chini. Ndipo upitishe kijiti chembamba kwenye mtutu, uso ukiwa pembeni. Vigololi vioshwe na kukaushwa, vilivyopasuka vitupwe. Mafuta ya kupikia usiweke, yanashika vumbi. Ikikwama tena na tena, mimi ningeitupa, mtoto alie akilia.

Na jicho likishapigwa? Usilisugue, usilikande, usitie dawa ya majani wala maziwa ya mama. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, kwa mfano kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa, na ukifunge bila kukaza. Mtoto akae kichwa kikiwa juu. Kwa maumivu mpe parasetamo kulingana na umri wake. Aspirini na ibuprofeni aziepuke, zinaweza kuongeza kutoka damu.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama anasema anaona. Damu ikionekana mbele ya mboni, mboni ikikosa umbo la duara, au akiona ukungu, usisubiri kesho. Ukiandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, anza safari.

Jambo moja wazazi hulisahau ni tarehe ya kurudi. Jicho lililopigwa huweza kupata mtoto wa jicho, au presha ya jicho kupanda hata miaka kadhaa baadaye, bila maumivu yoyote. Yule kijana wa miaka saba anaona vizuri sasa. Tarehe yake ya kurudi kliniki mama ameiandika ukutani, juu ya kitanda.