SEHEMU YA 6: Binti yako yuko nyuzi ngapi?

Mama zangu, swali mnaloniuliza sana ni hili: nimwambie nini binti yangu kuhusu VVU? Jamani, kumwambia tunamwambia kila siku. "Angalia hao wanaume, ukimwi upo." Halafu basi, tumemaliza.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Jane Rotheram-Borus. Mwishoni mwa miaka ya 1980, enzi ambazo ARV za leo hazipo, alikuwa New York akifanya kazi na vijana waliotoroka nyumbani, wanalala kwenye makao ya hifadhi. Hapa kwetu tungesema hao wameshindikana. Utafiti wake wa 1991 ulionyesha kwamba kadiri kijana alivyohudhuria vikao vingi, ndivyo alivyozidi kutumia kondomu bila kuruka. Vikao vingi, si hotuba moja!

Na kwenye mafunzo aliyoyaandaa kuna kipimajoto cha hisia, kinachorwa tu kwenye karatasi, 0 hadi 100. Ukiwa 100 moyo unadunda, akili imefunga, hata jibu ulilolikariri linapotea. Kijana anajifunza kujijua yuko nyuzi ngapi kabla hajaamua kitu. Baadaye mama huyu alifanya kazi na wazazi wenye VVU pamoja na watoto wao wa rika la balehe, maana aliona nyumba nzima inahusika.

Mimi nesi mzima nimelikosea hili. Binti wa miaka 16 aliletwa na mama yake, nikamsomea somo dakika kumi, yeye anaitikia tu kwa kichwa. Nikajisifu moyoni. Aliporudi kliniki alikuwa mjamzito, na kipimo kikatoka na maambukizi. Tulipobaki wawili akaniambia, "Nesi, siku ile nilikuwa na swali. Ila mama alikuwepo, na wewe ulikuwa unaongea."

Najua wapo wanaochukia sheria yetu ya Tanzania ya 2019, iliyomruhusu wa miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Mimi naiunga mkono. Lakini chumba cha kupimia anakuja mara moja moja. Jikoni kwako yupo kila jioni. Leo mkichambua mchele muulize tu yuko nyuzi ngapi. Akisema 80, usiulize "kwa sababu ya nani?" Endelea kuchambua, atasema.

Sehemu ya 7 tutaongelea wavulana, maana nao tumewasahau.