Siku ya Kwanza Iwe ya Arusha Yenyewe

Kila ufikapo msimu wa likizo, mji wa Arusha hupokea wageni wengi. Wapo watokao ng'ambo, na wapo ndugu zetu watokao Dar es Salaam, Tanga, Mwanza na kwingineko nchini, ambao wamejiwekea akiba ili nao waitembelee nchi yao. Lakini imekuwa desturi kwamba wageni hao hufika jioni, hulala usiku mmoja, na alfajiri hupanda magari kuelekea Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Kwao Arusha ni mahali pa kunywa chai na kujaza mafuta. Sisi tunaona kwamba desturi hiyo haifai, na kwamba siku ya kwanza ya matembezi ya mgeni yeyote, na hasa ya mwananchi, yapasa kuwa siku ya Arusha yenyewe.

Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wanyama wa porini. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, ilikuwa ni katika mji huu huu ambapo serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa Ilani ya Arusha, ikiahidi mbele ya ulimwengu kwamba Tanganyika itawahifadhi wanyama wake kwa faida ya vizazi vijavyo. Basi hata yule anayekimbilia Serengeti bila ya kuutazama mji, anakwenda kuona matunda ya ahadi iliyotolewa mahali alipopapita akisinzia.

Yule mgeni mmoja mmoja anayebahatika kubaki mjini hupelekwa kwanza kwenye Mnara wa Saa. Hapo hupigwa picha, na huambiwa kwamba amesimama katikati ya njia itokayo Cape Town kwenda Cairo. Tusishughulike na hesabu ya maili. Linalotushughulisha ni kwamba njia hiyo ni ndoto ya Cecil Rhodes na mabeberu wenzake, waliotamani kuitawala Afrika kutoka ncha moja hadi nyingine. Kijana wetu anayeirudia habari hiyo kwa fahari anaupima mji wake kwa kipimo cha waliotaka kuutawala. Hiyo ndiyo kasumba, nayo ni mbaya zaidi kwa kuwa anayeieneza hajui kuwa anaieneza.

Kutoka kwenye mnara huo, mwendo mfupi wa miguu humfikisha mgeni kwenye Boma, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Yafaa aambiwe kwamba ngome ile haikujengwa kwa pambo. Ilijengwa baada ya Waarusha na Wameru kupigana na wavamizi, na mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Aliyelijua hilo ataziangalia kuta za Boma kwa jicho jingine.

Nyuma ya Boma ipo Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, majengo ambayo yalikusudiwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Katika majengo hayo, tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa hilo. Na Jumuiya yenyewe, baada ya kufa, ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ni miji michache ya Afrika iliyobeba mambo mazito kiasi hicho, na ni wenyeji wachache wanaoweza kuyasimulia.

Lakini lipo jengo dogo kuliko hayo yote, nalo ndilo kubwa kuliko yote kwa maana yake. Katika ukumbi ulioko Kaloleni, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, ikalipitisha Azimio la Arusha, ambalo lilitangazwa Dar es Salaam tarehe 5 Februari. Tangu mwaka 1977 ukumbi huo umekuwa Makumbusho ya Azimio, na mbele yake umesimama mnara wenye mwenge. Wapo wanaolisifu Azimio na wapo wanaolilaumu. Na sote tunajua kwamba masharti yake ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini anayelisifu na anayelilaumu wote wawili wana wajibu wa kulijua. Si halali kwa kijana wa Kitanzania kupita mbele ya ukumbi ule mara mia akaufahamu kuwa ni mahali pa kuteremkia daladala tu. Na si mbali na hapo upo uwanja wa mpira wenye jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyeandika sheria za kutunga mashairi na Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Ni wangapi kati ya wanaoshangilia mabao ndani yake wanaomjua?

Baada ya mji, mlima. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ndio unaotupa mito ya Themi, Naura na Ngarenaro, na bila misitu yake Arusha isingekuwapo. Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, ni safari ya asubuhi moja tu kwa njia ya Usa River. Mgeni anayefika kwenye maziwa ya Momella huonyeshwa twiga, nyati na heroe, kisha husimuliwa kwamba hapo John Wayne alicheza filamu ya "Hatari!", iliyotoka mwaka 1962.

Habari hiyo ni ya kweli, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini ng'ambo ya lango la Momella ipo Ngarenanyuki. Huko, Novemba 1951, serikali ya wakoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka katika ardhi yao ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakukaa kulia. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya baraza lile kudai haki ya watu wake. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya kuzaliwa kwa TANU, na miaka mitatu kabla ya Mwalimu mwenyewe kwenda huko. Hawakurudishiwa ardhi siku ile, lakini nchi nzima ilijifunza kwamba mnyonge anaweza kumshitaki mtawala. Ikiwa mcheza filamu anakumbukwa pale na Kirilo anasahauliwa, basi tumeacha mbachao kwa msala upitao.

Wapo watakaotujibu kwamba utalii ni biashara, na mgeni hulipia kile anachotaka kukiona. Sawa. Lakini mgeni hawezi kutaka asichokijua, na mwenyeji asiyejua chake hawezi kumwonyesha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayelala usiku wa pili mjini humponya mwenye nyumba ya wageni, mama muuza ndizi na loshoro, na kijana aliyemtembeza kwa miguu. Anayeondoka alfajiri humponya mwenye gari peke yake.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, vijana wanaotembeza wageni wafundishwe historia ya Boma, ya Azimio na ya Ngarenanyuki kwa bidii ile ile wanayofundishwa majina ya ndege. Pili, walimu wa shule za Arusha na Meru wahakikishe kwamba hakuna mtoto anayemaliza darasa la saba kabla ya kuingia katika ukumbi wa Kaloleni na kufika Momella. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni wa ng'ambo. Tatu, kila mahali palipotajwa hapa pawe na maelezo ya Kiswahili fasaha, yatangulie lugha nyingine zote.

Dini zetu zimetuhimiza tutembee katika ardhi, tuzingatie habari za waliotutangulia. Kutazama bila ya kuzingatia ni kuchosha miguu tu. Serengeti haitahama, itamngoja mgeni kwa siku moja. Siku hiyo moja tuidai kwa ajili ya Arusha, na sisi wenyeji tuwe wa kwanza kuitumia.