UFUNDI SHAMBANI: Kipuri Hujulikana kwa Kipimo, si kwa Sura

Tangu zamani wakulima wa Garsen waliutegemea mto Tana upande na kushuka wenyewe, ndipo wapande mpunga na mahindi katika udongo ulioachwa na maji. Siku hizi wengi hawangoji tu. Wamenunua pampu ndogo za petroli, nyingine za mtu mmoja na nyingine za kikundi, wakayapandisha maji mpaka kwenye migomba na mahindi yao. Pampu ni mtumishi mwema, lakini ana desturi ya kuugua wakati anapohitajiwa sana. Mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu hayastahimili kiu. Siku chache bila maji zaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu.

Hapo ndipo mkulima hushikwa na haraka. Kipuri cha injini yake hakipatikani karibu, na Malindi ni safari ya zaidi ya kilometa 100. Basi hununua kile kinachofanana, akakilazimisha kikae. Mara nyingine hufaulu. Mara nyingine shilingi chache alizookoa humla injini nzima. Tofauti ya mambo hayo mawili si bahati, bali ni kupima.

Tuchukue mfano wa plagi, kwa kuwa ndiyo hununuliwa mara nyingi kuliko vipuri vingine. Pampu nyingi za mashamba madogo zina injini ya Honda GX160 au injini iliyoigwa kutoka kwake. Tundu la plagi yake lina upana wa milimita 14, na sehemu yenye hesi, yaani mistari ya skrubu, ina urefu wa milimita 19. Plagi yake ya NGK huandikwa BPR6ES. Sasa iko plagi nyingine, BP6HS, ambayo kwa macho ni ndugu yake, na upana wake ni ule ule wa milimita 14. Lakini hesi yake ina urefu wa milimita 12.7 tu. Ikitiwa katika GX160, cheche itawakia ndani ya tundu badala ya chumba cha moto, na hesi zilizobaki wazi zitajaa masizi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: plagi ndefu katika tundu fupi hutokeza ndani zaidi ya milimita sita, na yaweza kugongwa na pistoni au valvu. Nayo plagi ya pikipiki nyingi zenye injini ya namna ya Honda CG125, iitwayo D8EA, ina upana wa milimita 12, kwa hiyo haishiki kabisa.

Jambo la pili katika plagi ni joto. Tarakimu iliyo katikati ya jina huonyesha jinsi plagi inavyopoteza joto lake. Kwa NGK, tarakimu kubwa ni plagi ya baridi, na ndogo ni ya moto. Lakini kwa Bosch na Champion hesabu ni kinyume: tarakimu kubwa ndiyo ya moto. Mtu asiyejua hilo aweza kubadili kampuni akadhani amenunua plagi ile ile. Pampu hufanya kazi saa nyingi bila kupumzika. Plagi iliyo ya moto kupita kiasi huiva mpaka ikawa kaa jekundu, ikawasha mafuta kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka.

Ajabu ni kwamba iko injini ambayo kosa hilo ndilo kazi yake. Ni ile injini ndogo ya ndege za mfano, ambazo watu huzirusha kwa kujifurahisha. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuuza plagi isiyotoa cheche: ndani yake mna waya mwembamba wa platini uliosokotwa. Betri huupasha moto wakati wa kuiwasha injini tu. Kisha betri huondolewa, na waya huendelea kuwaka kwa joto la injini na kwa jinsi platini inavyokutana na mvuke wa methanoli. Injini hiyo haina kifaa cha kupanga saa ya cheche, kwa hiyo kuchagua plagi ya moto au ya baridi ndiko kuipanga saa yenyewe. Mwenye ndege aliyekosea plagi huona injini ikizima hewani. Mkulima aliyekosea haoni kitu mara moja. Pampu yake huendelea kulia, huku ikijila ndani.

Ringi za pistoni nazo zina hila yake. Silinda ya GX160 ina upana wa milimita 68, na ya dada yake mkubwa GX200 ni milimita 68 vilevile. Lakini pistoni ya kwanza husafiri milimita 45 na ya pili milimita 54. Basi asidhani mtu kwamba pistoni au konrodi ya moja yaweza kutiwa katika nyingine kwa sababu upana umelingana. Ringi mpya yafaa itiwe katika silinda peke yake, isukumwe kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha mwanya wa ncha zake upimwe kwa geji. Mwanya wa milimita 0.2 hadi 0.4 ni mzuri. Ukiwa mdogo zaidi, ncha zaweza kuondolewa kidogo kwa tupa laini, maana chuma kikipata moto hupanuka, na ncha zikigusana injini hukwama. Mwanya ukifika milimita moja, ringi imechakaa au silinda imelika. Injini iliyozama katika mafuriko, kama yale yaliyolipiga bonde la Tana mwishoni mwa mwaka 2023 na tena Aprili na Mei 2024, mara nyingi imekwisha kulika kwa mchanga. Hiyo haiponi kwa ringi mpya peke yake. Hapana budi silinda ikerezwe, itiwe pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.5.

Je, vipuri vyote havibadilishwi? La, viko vinavyokubali. Mhimili wa injini hizi huja kwa vipimo viwili, inchi robo tatu, yaani milimita 19.05, na milimita 20. Puli ya mhimili mwembamba yaweza kupanuliwa na mkereza vyuma, ikafaa mhimili mnene bila hatari. Lakini puli pana kuizungushia bati ili ibane mhimili mwembamba ni kazi ya siku mbili: itayumba, itakula mhimili, na mwisho itaruka. Gasketi ya kabureta yaweza kukatwa kwa karatasi ya gasketi, maadamu unene ni ule ule na matundu yote madogo yameachwa wazi. Gasketi ya kichwa cha silinda haikatwi kwa karatasi wala boksi, kwa kuwa hiyo huzuia moto, si petroli.

Tena kiko kifaa kimoja kisichoguswa kabisa, nacho ni kile kinachozuia mwendo wa injini usipite kiasi cha mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Wako watu hukifungua ili maji yaje kwa nguvu. Maji huja kweli kwa muda. Kisha konrodi, ambayo ni ya aluminiamu, hukatika na kulipasua bodi.

Dawa ya yote ni nyepesi. Kila kikundi chenye pampu kiwe na daftari, na karani wake aandike aina ya injini, namba iliyopigwa katika bodi, namba ya plagi, upana wa mhimili, na tarehe ambayo kila kipuri kilibadilishwa. Aendaye dukani achukue kipuri cha zamani mkononi na rula au kalipa mfukoni, apime mbele ya mwenye duka kabla ya kulipa. Plagi moja ya akiba, iliyopimwa siku ya amani, ikafungwa vizuri katika kitambaa, ni bora kuliko safari ya Malindi wakati mahindi yananyauka. Mwenda pole hajikwai. Na mkulima apimaye kwanza hanunui mara mbili.