Uziwi wa Ukubwani: Nani Achague Dawa?

Katika mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba wako wazee waliotumia ujana wao katika migodi na tanuru za shaba, wengine tangu siku za Union Minière, wengine baada ya mwaka 1967 chini ya Gécamines. Mzee wa namna hii huitwa mara mbili, mara tatu, asiitike, nao wa nyumbani husema, "Baba amekuwa mkaidi." Sivyo. Kelele za mashine za kutoboa na kuvunja miamba, mwaka baada ya mwaka, huziua chembe zenye vinyweleo zilizo ndani kabisa ya sikio, na zikifa hazioti tena.

Basi watoto hushauriana. Mmoja aleta mafuta ya kudondoshea sikioni, mwingine aleta kifaa cha sokoni, wa tatu asema ni uzee tu, aachwe. Wote wana nia njema. Ila hakuna aliyemwuliza mwenye sikio.

Yafaa kwanza daktari wa masikio apime, kwa maana dawa hufuata chanzo. Nta iliyoganda huondolewa kwa muda mfupi. Isichokolewe na kijiti, maana huisukuma ndani zaidi. Ngoma ya sikio iliyotoboka pengine huzibwa kwa kupasuliwa, na sikio hilo lisitiwe mafuta wala maji. Uziwi uletwao na kwinini kwa kawaida hupita. Ule wa sindano za streptomisini, zilizotumiwa sana kwa kifua kikuu, waweza kubaki daima. Mtu akipatwa na uziwi wa ghafula, asingoje hata juma moja.

Lakini uziwi wa kelele na wa uzee hauna dawa ya kunywa, na hapo ndipo uchaguzi ulipo mgumu. Kifaa cha kusikilizia hukuza sauti, bali hakirudishi sikio la zamani. Majuma ya kwanza huchosha. Tena hula betri. Familia isiyohesabu bei ya betri za mwaka mzima yanunua chombo cha kulala sandukuni, na vya namna hiyo tumeviona. Kupandikizwa chombo ndani ya sikio kwaweza kumfaa asiyesaidiwa na kifaa hicho, lakini gharama yake ni kubwa mno, na baadaye hana budi kujifunza kusikia upya.

Kwa hiyo mzee asiulizwe, "Wataka kifaa gani?", bali, "Wasikitika kukosa kusikia nini?" Mmoja atataja mahubiri ya Misa na mashauri ya ukoo. Mwingine atatosheka watu wakimkabili, wakasema polepole pasipo kupiga kelele, na redio ikazimwa wakati wa mazungumzo. Hiyo nayo ni njia halali, wala haina gharama. Na akikataa kifaa leo, aulizwe tena baada ya miezi michache.

Siku ya kwenda hospitali, mtoto amsindikizaye akae kando. Mzee ndiye aketi mbele ya daktari, aione midomo yake, na majibu yaandikwe katika karatasi aichukue mwenyewe.