Moyo Upimwe Ukiwa Kazini

“Pumzika, usijichoshe.” Maneno haya huambiwa kwa huruma mgonjwa ambaye mishipa inayolisha moyo wake imeziba kwa sehemu. Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, naona ni huruma inayodhuru.

Misuli ya mguu iliyopumzika huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo katika damu, hivyo ina akiba. Moyo hauna akiba hiyo: hata mtu akiwa amelala, huchukua takribani robo tatu. Apandapo kilima, hauna budi kuletewa damu zaidi, na mshipa ulioziba hauwezi kuipitisha. Tena, chumba cha kushoto cha moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake kati ya pigo na pigo, moyo unapolegea. Mapigo yakienda mbio, nafasi hiyo hufupika. Ukuta uliokosa damu hushindwa kwanza kulegea, kisha kujikaza. Mabadiliko ya umeme wa moyo hufuata. Maumivu huja mwisho, na kwa wengine, hasa wenye kisukari, huenda yasije kabisa.

Ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo kilichotoka safi mgonjwa akiwa kitandani hakitoshi. Moyo upimwe mgonjwa akitembea au akiendesha baiskeli ya kupimia, mbele ya mtaalamu.

Kisha afanye mazoezi. Daktari Mwingereza William Heberden, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1768, alimtaja mgonjwa aliyekata kuni kwa msumeno nusu saa kila siku akakaribia kupona. Huyo ni mmoja tu, bila shaka. Lakini utafiti wa Leipzig, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuata wanaume 101 kwa miezi 12: asilimia 88 ya walioendesha baiskeli dakika 20 kila siku hawakupatwa na tukio baya la moyo, dhidi ya asilimia 70 ya waliozibuliwa mshipa na kuwekewa kijibomba.

Mwenye maumivu yanayozidi, au yanayomjia akiwa ametulia, asifanye mazoezi, awahishwe hospitali. Wengine waandikiwe mwendo kama waandikiwavyo vidonge: dakika ngapi, siku ngapi kwa wiki, na mapigo yabaki takribani 10 chini ya yale ambapo dalili zilianza kipimoni. Atumiaye dawa za kupunguza mapigo apimwe akiwa amezinywa, la sivyo kiwango atakachopewa hakitamfaa.