TAHARIRI: Dai la ulemavu lianze kutayarishwa mapema

Mfanyabiashara yeyote anayevuka mpaka wa Busia amewaona watu wenye ulemavu wakisukuma baiskeli zao za magurudumu matatu kati ya Kenya na Uganda, wamepakia bidhaa zao na za wenzao. Kati ya Goma na Rubavu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, hali ni hiyo hiyo. Watu hawa ni sehemu ya soko letu na wanakula jasho lao.

Lakini kuna wengine ambao hatuwaoni tena. Yuko aliyeangukiwa na gunia wakati wa kupakua, yuko aliyepinduka na lori, yuko aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na yuko ambaye macho yamefifia hata hasomi tena noti. Hao wamerudi nyumbani kimya kimya. Mfanyabiashara mdogo hana mwajiri wala likizo ya ugonjwa. Mgongo ukivunjika, duka limefungwa.

Serikali zetu zimeweka misaada kwa ajili ya siku kama hizo. Si mingi, lakini ipo. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza pia kuomba msamaha wa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Nchini Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mfanyakazi aliyeajiriwa akiumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa. Nchini Uganda, marekebisho ya sheria ya NSSF ya mwaka 2022 yanamruhusu mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia kwa miaka 10 kuchukua hadi nusu ya akiba yake kabla ya kustaafu.

Tatizo ni kwamba misaada hii haimfuati mtu nyumbani. Inaombwa, na ombi linapimwa kwa karatasi. Afisa aliye mezani hakujui. Hajui ulikuwa unabeba magunia mangapi kabla ya ajali, wala hajui kwamba sasa unaamka mara tatu usiku kwa maumivu. Anajua kilichoandikwa tu.

Wafanyabiashara wa mpakani wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Ni nani kati yetu anayefika kwenye dawati la forodha na kusema, "Mheshimiwa, niamini, mahindi haya ni ya Tanzania"? Unaonyesha cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, na mambo yanakwenda. Mwili nao unahitaji cheti chake.

Kosa la kwanza tunalolifanya ni kupeleka jina la ugonjwa peke yake. "Ana kisukari", "alivunjika nyonga", "ana shinikizo la damu". Watu wawili wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja, mmoja akaendelea kuuza sokoni na mwingine asiweze kuvaa viatu bila msaada. Anayepima dai anataka kujua mwili umeshindwa kufanya nini. Kwa hiyo mwombe daktari aandike mambo yanayopimika: unaweza kusimama kwa dakika ngapi, unaweza kuinua kilo ngapi, unaona umbali gani, unahitaji mtu wa kukuogesha au la, na hali hiyo inatarajiwa kudumu kwa muda gani. Daktari hawezi kuandika asichoambiwa. Mweleze.

Kosa la pili ni fahari. Mtu wetu akiulizwa hali, hujibu "nashukuru Mungu, naendelea vizuri", hata kama ameletwa kwa kubebwa. Ni adabu nzuri msibani na barabarani, lakini mbele ya kamati ya tathmini inamwangusha. Eleza siku zako mbaya jinsi zilivyo na ni ngapi kwa wiki. Wala usiongeze chumvi: usiseme huwezi kutembea kabisa ikiwa majirani wanakuona ukienda kisimani. Uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli uliobaki hautaaminika.

Kosa la tatu ni kuchelewa kukusanya vielelezo. Siku ya ajali, chukua taarifa ya polisi kama kulikuwa na gari, na uandike majina ya watu wawili au watatu walioshuhudia. Tunza kila kadi ya hospitali, kila picha ya eksirei, kila risiti ya dawa. Weka daftari dogo kama lile la madeni, uandike tarehe na kile ulichoshindwa kufanya siku hiyo. Daftari lako la mauzo nalo ni ushahidi: likionyesha ulivyokuwa ukiuza kila siku ya soko, kisha mauzo yakakatika baada ya ajali, linaeleza hasara yako kuliko hotuba. Toa nakala ya kila kitu, na usimwachie afisa karatasi halisi bila kuandikishiana.

Kosa la nne ni letu sisi watu wa mpakani. Tunaishi upande mmoja, tunafanya kazi upande wa pili, na tukiumia tunatibiwa palipo karibu. Mkenya aliyelazwa Uganda anarudi nyumbani na faili lisilo na mhuri. Mtanzania aliyetibiwa Burundi anarudi na cheti cha Kifaransa. Kabla ya kuondoka hospitali ya ng'ambo, omba muhtasari wa matibabu wenye mhuri, jina na cheo cha daktari, na tarehe za kulazwa na kutoka. Ukishafika kwenu, nenda hospitali ya serikali inayotambuliwa kufanya tathmini, ukiwa na muhtasari huo na tafsiri yake ikihitajika.

Hakikisha pia kwamba kwenu wanakujua. Mengi ya mafao haya huanzia kwenye orodha za kaya na barua za makazi: kwa chifu nchini Kenya, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji Tanzania, kwa LC1 Uganda. Mtu anayelala mpakani siku tano kwa wiki hukosekana orodha inapoandikwa. Mwachie mwenzi wako au ndugu nakala ya kitambulisho chako.

Ukikataliwa, usichane barua. Isome, uulize sababu kwa maandishi, na uulize rufaa inapelekwa wapi na mwisho wake ni lini. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja.

Na aliye mzima leo ajiunge na mfuko. Aliyejiajiri anaweza kuchangia NSSF kwa hiari katika Kenya, Uganda na Tanzania; nchini Kenya mpango wa Haba Haba ulianzishwa kwa ajili ya wasio na mwajiri. Fao la kupoteza uwezo wa kufanya kazi hutegemea michango, na hakuna mfuko utakaompokea mtu leo ili umlipe kwa ajali ya jana.

Haya yote hayaziondolei serikali mzigo wao. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na inampa raia wa nchi mwanachama anayefanya kazi nchi nyingine haki ya kunufaika na hifadhi ya jamii ya huko. Haki hiyo haina maana kubwa kwa mgonjwa anayezungushwa kati ya ofisi mbili za pande mbili za mto mmoja. Tunazitaka nchi wanachama zikubaliane juu ya fomu moja ya tathmini ya ulemavu, itakayojazwa na hospitali ya upande wowote na kutambuliwa upande wa pili. Kama cheti cha gunia la mahindi kinaaminika kuvuka mpaka, cheti cha mgongo uliolibeba gunia hilo nacho kiaminike.

Mpaka siku hiyo ifike, karatasi zako ni jukumu lako. Zianze leo, ungali na nguvu za kuzitafuta.