Dhahabu Hupimwa, Ngoma Je?

Kila baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, viwanja vya Usukuma hupata uhai wa pekee. Makundi mawili ya ngoma, moja la Bagika na jingine la Bagalu, hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Mwamuzi ni umati wenyewe. Watu wakielekea upande huu, upande ule umeshindwa. Manju asiye na wimbo mpya wenye maneno ya kuwagusa watu huachwa akiimba peke yake.

Ngoma hiyohiyo ikichukuliwa ng'ambo, mambo hugeuka. Katika matamasha ya mataifa mengi vikundi hupangwa foleni, kila kimoja kikapewa dakika chache jukwaani. Makofi hupigwa kwa adabu, kisha wachezaji huteremka kuwapisha wenzao. Aghalabu mtangazaji husema tu kwamba hii ni ngoma kutoka Tanzania. Kama ni ya Shinyanga au ya Mtwara, nani aliitunga, na maneno yake yana maana gani, hayo hayatajwi.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi ngoma zetu kuvuka mipaka. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka ikusanye yaliyo bora katika mila za makabila yote yawe sehemu ya utamaduni wa Taifa. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilichoundwa miaka hiyo kiliiletea nchi heshima, na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kikaiendeleza kazi hiyo. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka muziki wa Wagogo katika majukwaa makubwa ya dunia. Alipofariki mwaka 2003, wageni wengi walikuwa wakilijua jina lake, na wengi walijua kwamba alikuwa Mgogo. Huo ndio mfano tunaoutaka: alikwenda na jina lake na la watu wake.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunafahamu vema maana ya mali kutoka nyumbani. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Mkuo wa dhahabu hauondoki bila kupimwa uzito na ubora wake, kuandikiwa hati na kulipiwa mrabaha, ambao mwaka 2017 ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Haya ni matunda ya mapambano ya muda mrefu, na hakuna kiongozi ambaye leo angeruhusu dhahabu itoke bila kuandikwa. Lakini wimbo wa manju wetu huondoka bila jina, bila hati na bila shukrani.

Hasara haiishii kwenye jina. Bugobogobo ilizaliwa shambani, watu walipolima pamoja kwa mdundo wa ngoma, wakilitupa jembe juu na kulidaka. Siku hizi vijana wengi wa ukanda huu wako katika zamu za mgodini au katika maduara ya wachimbaji wadogo. Hatuwalaumu, kwani riziki haichagui mahali. Hata hivyo, ikiwa jembe litabaki kuwa pambo la jukwaani, itafika siku tutapeleka ng'ambo picha ya jambo ambalo nyumbani halipo tena. Chemchemi ikikauka, mtungi uliobebwa mbali hauwezi kujazwa upya.

Watunzaji wa hazina hii mara nyingi wamekuwa wageni. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yalitokana na juhudi zilizoongozwa tangu miaka ya 1950 na Padri David Clement kutoka Kanada. Mwaka 2010 mtaalamu wa Kimarekani, Frank Gunderson, alichapisha huko Leiden, Uholanzi, kitabu chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Twawashukuru wote. Lakini je, ni maktaba ngapi za wilaya zetu zenye nakala ya kitabu hicho?

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wanayajua haya kuliko sisi. Mkerewe Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuiandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye, na mwandishi mwenyewe akafariki mwaka 1981. Leo Wajerumani wanayasoma kwa lugha yao maisha ya Wakerewe wa zamani. Dunia haikukataa kumsikiliza mzee yule. Waliochelewa ni sisi.

Tuchukue pia mfano wa mbali. Wanepali wengi wanaishi Uingereza, wakiwamo askari wastaafu wa Gurkha, ambao haki yao ya kukaa nchini humo ilipanuliwa mwaka 2009. Wakialikwa kwenye tamasha la mji, huja na ngoma yao ya madal, ileile wanayoipiga wenyewe kwa wenyewe katika sikukuu zao. Mgeni huonjeshwa kile ambacho mwenyeji anakila kila siku. Utamaduni wa namna hiyo hauogopi jukwaa, kwa sababu hautegemei jukwaa.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wanaohusika. Kwanza, kila kikundi kinachokwenda nje kiandikiwe hati inayotaja jina la ngoma, wilaya iliyotoka, manju aliyetunga na maana ya maneno, na mtangazaji apewe ayasome. Gharama yake ni karatasi moja.

Pili, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Madarasa na zahanati zitangulie, hatubishi. Lakini haidhuru sehemu ndogo ikitumika kutunza viwanja vya ngoma na kurekodi sauti za mamanju wazee wangali hai. Mwaka 2011 Taifa letu liliridhia Mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika, ambao unadai orodha itengenezwe kwa kuwashirikisha wenye urithi wenyewe. Orodha hiyo ianzie vijijini, na wapiga nanga wa Ukerewe wasisahauliwe eti kwa sababu kuwafikia kunahitaji kivuko.

Tatu, kikundi kinaporudi kutoka ng'ambo kicheze kwanza nyumbani, mbele ya wazee waliokifunza, kieleze kiliona nini na kiliulizwa nini. Huko ng'ambo watazamaji hupiga makofi kwa kila anayepanda jukwaani. Uwanja wa nyumbani haumwonei mtu haya: ngoma ikiwa imepungua ladha, umati utahamia upande wa pili, na wachezaji watajua la kurekebisha kabla ya safari nyingine.